Ukuta wa Ulanga

Jina la Bi Jabali alibandikwa na madereva wa Idara ya Miamba, wale waliokuwa wakimpeleka porini na kumrudisha, nao walidhani hajui. Alijua. Siku aliyolisikia kwa mara ya kwanza, dereva mmoja alikuwa akimwambia mwenzake, "Leo zamu yako kumbeba Bi Jabali, Mungu akusaidie." Bi Jabali akafungua mlango wa gari, akaketi, akafunga mkanda, ndipo akasema, "Jabali ni jiwe kubwa lisilo na ufa. Neno zuri hivyo mmeliokota wapi nyie?" Njia nzima dereva hakuthubutu hata kuwasha redio.

Ndivyo alivyokuwa. Hakumchukia mtu. Kuchukia ni kazi, kunataka umpe mtu nafasi kichwani. Yeye alidharau tu, na alidharau bila kuchoka, kama wengine wanavyopumua. Aliwadharau majirani kwa kupaka nyumba zao rangi ya machungwa. Alimdharau fundi aliyeweka vigae vya ofisini kwa sababu aliviita marumaru. Aliwadharau wasomi wenzake kuliko wote, maana hao, alisema, wamepewa macho kwa gharama za umma na bado hawaoni. Alikuwa na namna yake ya kumwangalia mtu: anashusha miwani mpaka ncha ya pua, anakutazama juu yake, anabenua mdomo kidogo, kisha anairudisha miwani mahali pake, na wewe umeshajua umewekwa kapu gani. Mumewe alilivumilia jicho hilo kwa muda, halafu akafungasha. Wazee walipokuja kusuluhisha, mume akawaambia, "Siwezi kuishi na mtu anayenikagua kila asubuhi kama sampuli." Bi Jabali akaulizwa yeye ana lipi la kusema. Akasema sampuli huwa zina faida.

Kitu kimoja tu hakukidharau maishani, nacho kilikuwa kimekufa zamani kupita akili. Ni milima. Si milima ya kupigia picha, ile aliiita vichuguu vya jana. Yeye alikuwa na milima yake iliyoota wakati ambapo nchi kavu mbili, ambazo leo zina bahari kati yake, zilisogeleana polepole na kubanana, moja ikajikunja juu ya nyingine kama mkeka uliosukumwa ukutani. Milima hiyo ilipanda juu sana. Kisha mvua na upepo vikaila mpaka ikaisha, ikabaki mizizi yake tu chini ya ardhi: miamba iliyokunjwa na kuokwa, yenye mistari kama ya mbao. Zama nyingi baadaye ardhi ikachanika, maji yakaingia, bahari ikazaliwa. Mkanda ule wa mizizi ukakatwa. Kipande kiko huku, kipande kiko ng'ambo, na mtu akitaka kuujua mkanda mzima lazima aufuate jiwe kwa jiwe hadi ufukweni, kisha aulize: ng'ambo ya pili umetokea wapi?

Swali hilo ndilo lililokula ujana wake. Alipokuwa msichana wa chuo, mwembamba kama ufito, aliufuata mkanda ule kutoka bara mpaka pwani kwa miguu, nyundo kiunoni na dira shingoni, akalala kwenye stoo za shule na vyumba vya nyuma vya maduka. Akaandika kwamba karibu na pwani mkanda unapinda kusini, unapita kwenye vilima vya nyuma ya mji, na huko ndiko unakoingia baharini. Walimu wake walimpa shahada na wakaliweka andiko lake kabatini. Hakuna aliyelipinga, maana hakuna aliyelisoma. Hilo lilimuuma kuliko kupingwa.

Sasa nywele zilikuwa zimemjaa mvi, na idara ilikuwa na Mkurugenzi mpya, mwanamume wa suti nyembamba na maneno mapana ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake. Asubuhi moja aliwaita wote kwenye ukumbi mdogo, akafunga mapazia na kuwasha projekta.

"Ndugu zangu," alisema, "wenzetu wa ng'ambo wamekubali tuchore ramani moja. Mkanda wa milima ya kale, kwao na kwetu, bila bahari kati. Profesa wao anakuja. Sasa tazameni."

Ukutani, pwani mbili zikaanza kutelezeana, zikakutana, na mstari mwekundu ukakimbia kutoka bara hili hadi lile bila kukwama, ukipitia kwenye rasi ya kaskazini. Wahasibu walipiga makofi, na wengine wakawafuata.

Bi Jabali alishusha miwani.

"Rasini umefika lini?"

"Mama, siku hizi si lazima ufike. Tuna picha za setilaiti."

"Ndiyo maana nauliza. Hiyo setilaiti imekwambia nini hasa?"

Mkurugenzi akakohoa. "Miamba ya rasini kwetu ni ya waridi. Na ya kule, pwani inayotazamana nayo, ni ya waridi vilevile. Inafanana kabisa."

"Hata soksi zako ni za waridi. Nazo tuziunganishe na nini?"

Kicheko kilipita chini chini, watu wakaziba midomo kwa mafaili. Mkurugenzi akaivuta suruali ifunike vifundo vya miguu.

"Mkanda hautokei kaskazini," Bi Jabali aliendelea. "Unapinda. Unatokea kusini, kwenye machimbo ya kokoto. Mgeni wako mpeleke huko akaone ukuta, si picha."

"Mama, kwa heshima zote," Mkurugenzi alisema, na alisema taratibu kama mtu anayesogeza karata yake ya mwisho, "machimbo yale si ni ya shemeji yako? Nasikia ameyasaga yote. Huo ukuta bado upo?"

Mapazia yakafunguliwa. Bi Jabali hakujua kama upo, kwa sababu kwa shemeji yake hakuwa amekanyaga tangu machimbo yale yafunguliwe.

Kisa chao kilijulikana na kila mtu katika ukoo. Mdogo wake wa kike, mtoto mpole aliyependa kucheka, alipopata mchumba, mchumba mwenyewe alikuwa kijana mwenye tipa moja bovu na mikono iliyojaa grisi. Siku ya harusi, bibi harusi akivalishwa chumbani, Bi Jabali aliingia, akamtazama kutoka juu mpaka chini, akasema mbele ya shangazi za bwana harusi, "Mdogo wangu, umeolewa na lori." Maneno hayo yalimfikia bwana harusi kabla hajakata keki. Hakujibu siku ile, wala baadaye. Alinunua tipa la pili, akanunua la tatu, akanunua kilima chenyewe. Kila mlipuko wa baruti uliotikisa madirisha ya mji ulikuwa wake, na Bi Jabali, akiwa mezani kwake ofisini, alikuwa akisonya kila kikombe cha chai kilipocheza.

Basi alijikaza kisabuni, akaenda. Dereva wa zamu alimteremsha kwenye geti la machimbo, akageuza gari na kuliegesha mbali, asije akaitwa shahidi. Vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu, jeupe kama unga. Mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma, na kilima alichokipanda akiwa msichana kilikuwa hakipo. Palikuwa na shimo. Lakini upande wa mwisho wa shimo, ukuta ulikuwa umesimama. Aliuona kwa mbali ukimetameta juani, maana ulijaa ulanga, yale magamba membamba yanayong'aa kama ya samaki.

Shemeji alimpokea ndani ya kontena lililofanywa ofisi, lenye feni, kochi la ngozi na picha yake mwenyewe akipeana mkono na mtu aliyekatwa kichwa na fremu. Alikuwa amenenepa. Alisimama kwa adabu iliyozidi kipimo.

"Shemeji! Karibu, karibu. Leteni soda. Shemeji yangu huyu ni msomi, anayajua mawe kwa majina."

"Sikuja kunywa soda."

"Kunywa kwanza. Vumbi la huku halichagui msomi."

Akanywa. Akaeleza anachokitaka: ule ukuta wa mwisho usilipuliwe, angalau mpaka mgeni auone na wachukue vipande. Shemeji alimsikiliza akizungusha kalamu mezani, akaguna, akatazama dari.

"Ukuta ule," alisema mwisho, "ni kazi ambayo nimeshaipanga. Baruti ipo. Wateja wanasubiri. Unaniomba kitu kikubwa, shemeji."

"Nakuomba usubiri. Ukuta wenyewe umesubiri tangu kabla hakujakuwa na samaki."

"Unaniomba?"

Bi Jabali alimwangalia juu ya miwani. Shemeji aliustahimili mtazamo ule, akatabasamu tu.

"Nakuomba," akasema Bi Jabali, na neno lilimtoka kama jino.

"Basi Jumapili njoo nyumbani ule chakula cha mchana. Na ukishakula, umwambie mdogo wako, mbele ya wanangu, kwamba hakuolewa na lori."

Jumapili alikwenda. Nyumba ya shemeji ilikuwa na nguzo nne mbele zisizobeba chochote, na sebule ambayo ukitaka kuketi lazima uondoe mito. Mdogo wake alimkumbatia mlangoni akamwambia sikioni, "Dada, usilazimike. Mimi nilishasahau." Bi Jabali akamjibu, "Wewe ulisahau. Mwenye lori hajasahau." Wakala. Watoto wa nyumba, wakubwa wenye ndevu na hereni zao, walikuwa wameambiwa kuna jambo, wakawa wanakula wakimtazama huyu mama mkubwa wao ambaye wamemwona misibani tu. Shemeji alipogonga glasi kwa kijiko, Bi Jabali alisimama, akajifuta mdomo.

"Mdogo wangu," alisema. "Siku ya harusi yako nilisema umeolewa na lori. Nilikosea. Juzi nimeona hesabu ya magari pale machimboni. Umeolewa na kampuni nzima ya usafirishaji."

Mdogo wake akacheka, kile kicheko chake cha utotoni kinachomtoa machozi, na watoto wakacheka, na shemeji mwenyewe, baada ya kujizuia kidogo, akatikisika tumbo zima. "Haya," alisema, "nimepokea. Kwa mtu kama wewe, hiyo ni sifa." Ukuta ukapona.

Mgeni wa ng'ambo alifika akiwa amevaa kizibao chenye mifuko mbele, nyuma na ubavuni, na Bi Jabali alimpa jina papo hapo: Bwana Mifuko. Alikuwa mzee mkavu, mwenye masikio mekundu, na Kiswahili alikuwa amejifunza vitabuni. "Ninashukuru mno kwa mapokezi yenu yenye bashasha," aliwaambia madereva, nao wakageuka pembeni kucheka. Mkurugenzi alimpeleka kwanza rasini, kwenye miamba ya waridi, wakapigana picha. Siku iliyofuata, kwa shingo upande, akamleta machimboni, mwenyewe akiwa na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa. Bi Jabali aliwatangulia shimoni bila kugeuka nyuma. Alishamhukumu mgeni: mtu wa hoteli, mtu wa vikao, atatazama ukuta kwa mbali aseme ni wa kuvutia.

Bwana Mifuko hakusema hivyo. Alipofika ukutani alivua kofia, akapiga magoti kwenye tope, akagonga kipande kwa nyundo, akakilamba ili rangi zake zijitokeze, akakitia kwenye lenzi. Alikaa hivyo mpaka Mkurugenzi akaanza kuhamahama kwenye miguu yake. Kisha akatambaa kufuata ukuta, kutoka kwenye miamba iliyokunjwa, akapita kwenye ukanda ule wa ulanga, akatokea upande wa pili ambako jiwe lilikuwa la kijivu, lenye mistari myembamba iliyonyooka.

"Bibi," akaita, "hili la kijivu unalielezaje?"

"Ni ndugu wa yale mengine. Mkanda uleule, ila huku uliokwa zaidi."

"Una hakika?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Bi Jabali neno hilo kwa muda mrefu sana. "Nimelikanyaga kabla wewe hujajua kufunga mifuko yako yote hiyo," alijibu.

Mzee akacheka, akaufunga mmoja. "Mimi sina hakika," alisema. "Tupime."

Wakachukua vipande vya pande zote, na vya miamba ya waridi ya rasini na ya ng'ambo vikaongezwa. Ndani ya mawe kama yale huwa mna punje ndogo sana ziitwazo zirkoni, ngumu kuliko mateso, na kila punje hutunza umri wake tangu ilipozaliwa kwenye moto. Maabara ya ng'ambo ingezisoma. Bi Jabali alirudi ofisini akiwa na furaha ambayo aliificha kwa kumkaripia mpishi wa chai. Alikuwa na uhakika wa kila kitu. Alikuwa tayari ameshachagua maneno atakayomwambia Mkurugenzi, na alikuwa akiyanoa.

Majibu yalikuja majira ya mvua. Aliyasoma akiwa amesimama dirishani, maji yakimwagika kwenye bati la gereji ya idara. Miamba ya waridi ya rasini haikuwa na lolote na mkanda. Ya kwetu ilikuwa na umri mmoja, ya ng'ambo ilikuwa na mwingine, na yote ilizaliwa milima ikiwa imeshazeeka. Mstari mwekundu wa Mkurugenzi ulikuwa si lolote si chochote. Bi Jabali akatabasamu, akafungua ukurasa wa pili. Miamba iliyokunjwa ya machimboni: umri wa mkanda, barabara kabisa, kama alivyosema tangu msichana. Akafungua ukurasa wa tatu.

Jiwe la kijivu halikuwa ndugu wa mtu yeyote hapa. Lilikuwa la kale mara tatu na zaidi kuliko mkanda. Halikutoka kwenye mkanda hata kidogo. Umri wake, na mpangilio wa punje zake, ulilingana na ardhi kongwe ya ng'ambo, ile nchi ya pili iliyokuja kubanana na yetu. Ukanda wa ulanga ulikuwa ndio kovu lenyewe, mahali nchi mbili zilipogusana. Ardhi ilipochanika baadaye na bahari kuzaliwa, haikuchanika kovuni. Ilichanika pembeni kidogo, ikatuachia kipande cha nchi ya watu. Na Bi Jabali alikuwa amekikanyaga kipande hicho ujana wake wote akikiita ndugu.

Alikaa chini. Hakulia, hakuwa na utaratibu huo. Lakini alivua miwani akaiweka mezani, na wale waliopita kwenye korido wakashtuka, kwa sababu hawakuwahi kuuona uso wake bila miwani, na ulikuwa uso wa kawaida tu wa mama mtu mzima.

Mkurugenzi alikuja akiwa na nakala yake. Alifunga mlango. Bi Jabali alijiandaa kwa kejeli, maana angekuwa yeye, asingeiacha.

"Mama," alisema, "unakumbuka safari yetu ya mafunzo? Ulitupeleka kwenye kilima kile, kabla hakijachimbwa."

"Niliwapeleka wengi."

"Niliokota jiwe la kijivu. Nikakuuliza, mama, hili mbona kama si la hapa? Ukanitazama hivyo unavyotazama. Ukawaambia wenzangu, huyu afadhali akafanye kazi ya ofisini, huku porini atatupotezea ng'ombe. Walicheka mpaka jioni. Waliniita Ng'ombe mpaka tunamaliza chuo."

Bi Jabali alitafuta kumbukumbu hiyo akaikosa. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba kwake haikuwa hata siku ya kukumbukwa. Aliona kilima, aliona vijana wengi wenye kofia, lakini kijana mmoja mwenye jiwe la kijivu hakumwona.

"Ulijua?" aliuliza.

"Sikujua. Niliona tu rangi yake. Lakini tangu siku ile sijashika jiwe tena. Nikahamia kwenye kompyuta. Kompyuta haimtazami mtu."

Mvua ikapiga bati. Bi Jabali akavaa miwani.

"Ulikuwa na haki ya kunibishia."

"Mama, nani angekubishia wewe?"

"Basi kesho twende tena. Chukua nyundo. Tulifuate kovu lile kusini, tuone linaishia wapi. Mimi na wewe."

Uso wa mwanamume yule ulifunguka kidogo, ukawa karibu na wa kijana. Kisha akatazama saa yake. "Kesho nina kikao na watu wa wizara. Na keshokutwa kuna semina. Labda, mama, uniandikie taarifa fupi, ukurasa mmoja, niisome kwenye gari."

Ile huruma iliyokuwa imeanza kumpanda Bi Jabali ikashuka yenyewe bila kusukumwa. "Nenda kikaoni," alisema. Akamdharau tena, lakini safari hii alijua bei ya dharau yake na nani aliyeilipa.

Kesho yake alikwenda machimboni akiwa na hofu ya kweli. Mara ya kwanza aliuombea ukuta ili umpe ushindi. Sasa ukuta ulikuwa umemshinda, na hakuna mahali pengine popote ambapo kovu lile lilionekana wazi namna ile. Alimkuta shemeji mlangoni mwa kontena akikwangua tope kwenye buti.

"Shemeji," alianza kabla hajasalimia, "nimekuja tena kuomba. Si wiki, si mwezi. Ukuta ule usiulipue kabisa. Ukitaka nije kula kila Jumapili, nitakuja. Ukitaka nikusifu, niandikie maneno, nitayasoma."

Shemeji aliacha kukwangua. Alimtazama kana kwamba anatafuta mzaha ulikofichwa, na alipouona haupo, akaanza kucheka. Alicheka akishika mlango.

"Shemeji, ule ukuta nani aulipue? Umejaa ulanga! Ukisaga unatoka unga na magamba. Ukiweka kwenye zege, nyumba inamwangukia mteja. Mashine ilikabwa na jiwe lile mara moja tu, nikasema basi. Na nyuma yake kiwanja changu kinaishia. Mimi nilishaacha kuchimba upande ule tangu zamani."

"Ulisema baruti ipo."

"Baruti ipo. Nilisema ya ukuta ule?"

"Ulisema wateja wanasubiri."

"Wateja huwa wanasubiri. Wewe ni mtaalamu wa miamba, shemeji. Nilidhani utaniuliza hilo swali mwenyewe. Nilikaa pale mezani nasubiri, nikasema sasa hivi ataniumbua. Hukuuliza. Ulikuwa umeshaniona mjinga kiasi cha kuweza kuuza ulanga."

Bi Jabali alishusha miwani, akamtazama. Alitafuta mahali pa kubenulia mdomo, akakosa. Mtu yeyote wa mwaka wa kwanza angejua kwamba jiwe la ulanga halifai zege. Yeye alijua pia. Kilichomziba macho si ujinga wa mawe, ni kwamba hakuwahi kufikiri kuna kitu ndani ya kichwa kile cha kumpiga chenga.

"Wewe ni mshenzi," alisema hatimaye.

"Ahsante, shemeji. Soda?"

"Iwe baridi."

Ramani ilitoka. Jina la Mkurugenzi lilikuwa juu kwa herufi kubwa, na Bi Jabali alilitazama kama mtu anayemtazama nzi juu ya keki ya mwingine. Mkanda ulipinda kusini, na ufukweni kabisa, nje ya kovu, palikuwa na doa dogo la kijivu lenye rangi ileile iliyopakwa ng'ambo. Yeye mwenyewe aliandika makala fupi kueleza alivyokosea, na katika makala hiyo hakumwomba mtu radhi wala hakujitetea, alieleza jiwe. Kwenye shukrani aliandika sentensi moja, kwamba wa kwanza kushuku jiwe la kijivu alikuwa mwanafunzi aliyenyamazishwa na mwalimu wake. Mkurugenzi aliisoma kwenye gari. Kwa siku kadhaa alionekana ameweka kokoto moja ya kijivu juu ya meza, kuzuia karatasi zisipeperushwe na feni.

Muda mfupi kabla hajastaafu, Bi Jabali alialikwa ng'ambo. Alikwenda akalalamikia kila kitu: ndege ilikuwa na hewa ya kabati, hoteli ilikuwa na taulo za kukaushia sahani, na chai yao, alimwambia mdogo wake kwenye simu, ni maji yaliyotishiwa majani. Bwana Mifuko, ambaye sasa alitembelea mkongojo, alimpitia asubuhi kwa gari lake chakavu. Walifuata barabara ya pwani mpaka nyuma ya kituo kimoja cha mafuta, ambako kilima kilikuwa kimekatwa kupisha njia.

Lilikuwepo. Lile lile, la kijivu, lenye mistari myembamba iliyonyooka. Mtu alikuwa amelipaka tangazo la magodoro, herufi za manjano zenye urefu wa mtu.

Bi Jabali alisimama mbele yake. Bahari ilikuwa nyuma yake, nzima nzima, na alikuwa ameivuka akiwa amelala. Aliweka kiganja juu ya jiwe, chini ya herufi ya kwanza. Lilikuwa la moto kwa jua, na macho yake yakalowa.

"Bibi, hujambo?" mzee aliuliza kwa upole.

"Magodoro," alisema Bi Jabali, akivuta pumzi. "Mna nchi nzima ya kupaka rangi, mkachagua hapa. Nipe nyundo."

"Ninayo. Lakini, samahani, mistari hii inalalia mashariki, nayo ya kwenu—"

"Mashariki? Hebu vaa miwani yako vizuri. Hii inalalia kaskazini mashariki, tena inajulikana. Dira yako ulinunua sokoni?"

"Dira yangu ni nzuri, bibi."

"Ilete hapa."

Walibishana juu ya mwelekeo wa mistari ile, yeye akigonga jiwe, mzee akilamba vipande, sauti zikipanda, mpaka mwenye kituo cha mafuta akatoka na fagio kuwauliza wanaharibu tangazo lake kwa idhini ya nani. Bi Jabali akamgeukia, akashusha miwani hadi ncha ya pua, na akaanza naye tangu mwanzo: nchi mbili, kabla hakujakuwa na samaki. Mtu yule hakuelewa hata neno moja la Kiswahili, lakini fagio alilishusha.